Sambaza Ujuzi, Heshimu Mtunzi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wanamuziki vijana na walimu wa muziki.



Nimeombwa nizungumzie jinsi wanamuziki wa jazz wanavyosambaza muziki na mafunzo yao mtandaoni. Kazi yangu ni habari, si saksafoni, kwa hivyo sitawafundisha kupiga. Nitawaeleza mafunzo hayo yalikoanzia, jinsi ya kuyatumia kwa simu uliyo nayo, na mpaka ambao hatupaswi kuuvuka.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hapa Afrika Mashariki bendi nyingi za dansi zilijiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Victoria Jazz. Muziki wao ulikuwa wa magitaa, na ulikuwa wetu. Jazz ninayoizungumzia leo ni ile iliyoanzishwa na Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Kiini chake ni kubuni papo kwa papo. Wimbo una kodi zake (za gitaa na piano, si zile mnazolipa katika ofisi zetu), na mpigaji hutunga sauti mpya juu ya kodi hizo huku muziki ukiendelea.

Kila kijana huuliza: nitajifunzaje bila mwalimu na bila bendi? Mwaka wa 1967 mpiga saksafoni Jamey Aebersold, wa jimbo la Indiana nchini Marekani, alitoa jibu. Alianza kutoa santuri zenye piano, besi na dramu, na nafasi ya mpiga solo akaiacha wazi ili mwanafunzi aijaze akiwa nyumbani kwake. Katika mfululizo huo besi husikika spika ya upande mmoja na piano upande wa pili. Anayejifunza besi huzima upande wa besi, akapiga yeye. Matoleo yalizidi 130. Aebersold pia ametoa kijitabu cha mazoezi ambacho mtu hukipakua bila malipo.

Leo njia ni pana zaidi. Mjini Weimar, Ujerumani, watafiti wa chuo cha muziki waliandika solo 456 za wapigaji mashuhuri, noti kwa noti, na kuziweka mtandaoni bure. MuseScore, programu ya kuandika noti kwenye kompyuta, haina malipo. YouTube hukuruhusu kupunguza mwendo wa video hadi nusu bila sauti kuwa nzito. Charlie Parker alipokuwa kijana hakuwa na kitufe hicho. Alizijua solo za Lester Young kwa kusikiliza santuri tena na tena hadi akazikariri.

Hata hivyo, anayepakua mafaili mia na asipige hata moja amemaliza bando tu. Anza na kidogo. Chukua blues ya vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Ukipiga katika ufunguo wa C, kodi ni tatu pekee: C, F na G. Chagua solo fupi. Iimbe kwa mdomo kabla ya kugusa chombo, ipige polepole, halafu badilisha sauti mbili tatu ziwe zako. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Sasa nije kwenye mpaka. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston, walikusanya nyimbo nyingi za jazz katika kitabu walichokiita The Real Book. Kilitolewa nakala na kuuzwa kwa siri kote duniani. Kiliwasaidia maelfu kujifunza, hilo halikanushiki. Lakini watunzi wa nyimbo hizo hawakulipwa chochote. Ilipofika mwaka wa 2004 ndipo kampuni ya Hal Leonard ilipotoa toleo halali, lenye ruhusa za wenye haki na makosa mengi yakiwa yamerekebishwa. Kumbe iliwezekana mwanafunzi asaidiwe na mtunzi alipwe!

Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo huanza kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) hukupa ushahidi pakitokea mzozo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo, kabla ya kupakia chochote, jiulize ni cha nani. Kikiwa chako, kitoe kwa moyo mweupe. Kikiwa cha mwingine, watumie wenzako kiungo cha pale alipokiweka mwenyewe. Usikipakie upya kwa jina lako. Kikiwa na leseni ya Creative Commons, soma masharti yake na umtaje aliyekitunga. Sisi wanahabari hufunzwa kutaja chanzo cha habari. Mwanamuziki naye amtaje mtunzi.

Nimalize kwa ombi. Mazoezi ya jazz yamejaa mtandaoni kwa sababu wapigaji wake waliamua kuyatoa. Ya benga, taarab na nyatiti nayo yanatusubiri sisi. Mwenye gitaa arekodi mdundo wa wimbo aliotunga mwenyewe, aache nafasi ya solo, aandike jina lake, kisha auweke mahali ambapo kijana wa kijiji cha mbali ataupata. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.