Tusome Kibati cha Chaja ya Betri

Twaeni kalamu na daftari. Leo hatusomi hadithi. Tunasoma kibati kidogo kilichobandikwa nyuma ya chaja ya betri. Kina maneno machache na tarakimu chache, lakini mtu akinunua chaja bila kukisoma aweza kuua betri ya thamani kubwa kwa muda wa miezi michache tu.

Ninyi mnaokaa Kwa Mrombo mnayajua magari ya safari. Baadhi yenu mnayaendesha, wengine mnayaosha au mnapika kambini. Siku hizi Arusha kuna magari mengi ya kukodi yenye hema juu ya paa na friji nyuma. Wageni hulala humo humo kama nyumbani. Gari la namna hii huwa na betri mbili. Ya kwanza huwasha injini. Ya pili ni ya nyumba: friji, taa, simu. Betri ya kuwashia injini hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha hupumzika. Betri ya nyumba hufanya kazi pole pole usiku kucha. Basi ni betri mbili za tabia mbalimbali, wala moja haifai kushika nafasi ya mwenzake.

Haya, tusome. Juu ya kibati mtaona neno INPUT. Maana yake ni umeme unaoingia katika chaja. Umeme wa Tanzania ni volti 230, kwa hiyo kibati chapasa kusema 230 V, au 220-240 V, au 100-240 V. Kikisema 120 V peke yake, chaja hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Ukiichomeka ukutani hapa, utapata moshi.

Chini yake mtaona OUTPUT, yaani umeme unaotoka kwenda kwenye betri. Hapo pana tarakimu mbili. Mfano: 12 V, 10 A. V ni volti, yaani msukumo wa umeme. A ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Fikirini bomba la maji: volti ni nguvu ya kusukuma, ampea ni maji yenyewe yanayopita. Na ubavuni mwa betri mtaona Ah. Huo ni ukubwa wa pipa. Betri ya Ah 100 yaweza kutoa ampea 5 kwa muda wa saa 20.

Sasa tufanye hesabu. Friji ndogo ya gari hula ampea 4 hivi inaponguruma. Tuseme kwa siku moja inanguruma saa 10 kwa jumla. Nne mara kumi ni 40. Taa na simu tuzipe 10. Jumla ni 50. Betri ya Ah 100 imebaki nusu, nayo betri ya risasi na tindikali haipendi kushushwa chini ya hapo mara kwa mara.

Kuirudishia hiyo 50 kwa chaja ya ampea 10, hesabu yasema saa 5. Lakini betri haijazwi kama ndoo. Mwanzoni hunywa kwa haraka, na ikikaribia kujaa hunywa kidogo kidogo. Wekeni saa 7 au 8. Gari likirudi Kwa Mrombo saa mbili usiku, likichomekwa, alfajiri liko tayari. Mwenye haraka atasema, nipe chaja ya ampea 40. La, bwana. Kwa betri ya maji ya Ah 100, chaja ya ampea 10 hadi 20 yatosha. Kubwa kuliko hiyo huichemsha.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza husukuma kwa nguvu mpaka volti zifike 14.4 hivi. Pili hushikilia hapo huku ampea zikipungua. Tatu hushuka mpaka volti 13.5 hivi na kuilinda betri bila kuichosha. Chaja za zamani, lile sanduku zito la chuma lenye mshale, nyingi hazijui hatua hizi. Husukuma tu mpaka mtu akumbuke kuichomoa, na maji ya betri huchemka na kukauka. Mimi nisingeiacha chaja ya namna hiyo usiku kucha na gari langu.

Tena itazameni aina ya betri. Ziko za maji, zenye vifuniko vya kufungua. Ziko zilizofungwa, zenye herufi AGM. Na ziko za lithiamu, nyepesi na ghali. Kila moja yataka volti zake, na chaja nyingi za leo zina kitufe cha kuchagua. Kitufe kikikosewa, chaja nzuri hugeuka adui. Lithiamu hasa isipewe chaja isiyoandikwa kwamba yaifaa.

Mwendoni, je? Alteneta ya injini huchaji betri ya pili, lakini waya kutoka mbele hadi nyuma ni mrefu, na ukiwa mwembamba volti hupungua njiani. Magari mapya yana alteneta inayojipunguza yenyewe ili kuokoa mafuta. Ndiyo maana mafundi huweka kati ya betri mbili chaja ndogo inayopandisha volti. Kwa lithiamu chombo hiki ni cha lazima, kwa kuwa lithiamu hunywa kwa pupa na yaweza kuunguza alteneta. Pazia la jua juu ya paa husaidia pia: la wati 100 hutoa ampea 5 hivi jua likiwa kali. Lakini Juni na Julai, mawingu ya Meru yakishuka, msilitegemee peke yake.

Jambo linalowapotezea watu fedha zaidi kuliko yote hutokea gari likiwa limesimama. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, wageni hupungua na magari hulala uani. Betri ya risasi ikiachwa nusu tupu, ndani yake hujitengeneza chumvi ngumu juu ya bati za risasi. Kwanza ni laini, na chaja huiyeyusha. Ikikaa majuma mengi huwa kama jiwe, na hapo hapana chaja itakayoiponya. Mwenyewe huja Juni, akaona betri inajaa kwa nusu saa na kuisha kwa nusu saa, akamlaumu muuza betri. Ijazeni kabisa kabla ya kulaza gari, mfungue waya hasi, mkaichaji tena kila mwezi. Lithiamu ni kinyume: yapenda kulala ikiwa na nusu tu.

Mita ya volti ni rafiki wa kweli. Betri ya risasi iliyopumzika saa kadhaa ikionyesha 12.7, imejaa. 12.2, imebaki nusu hivi. Chini ya 12, ichajini siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni vema. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, nayo hulipuka. Msivute sigara karibu, wala msiwashe jiko la mkaa. Fungueni milango. Fungeni waya za chaja kwenye betri kwanza, chanya na hasi, ndipo mchomeke ukutani. Wakati wa kutoa, anzeni ukutani. Maji yakipungua ongezeni maji safi ya betri, si tindikali, wala si ya bomba. Tindikali ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi dakika 15, kisha nendeni hospitali.

Kazi ya nyumbani. Twaeni chaja yoyote, hata ya simu, mnakili yaliyoandikwa mbele ya INPUT na OUTPUT. Kisha jibuni: betri ya Ah 80 imetumika nusu, na chaja ni ya ampea 8. Itahitaji saa ngapi? Andikeni hesabu yote, na zile saa za mwisho msizisahau. Tutasahihisha katika somo lijalo.