Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani



Hapa Ngulyati, kabla hatujanunua nyumba ya zamani, tuulize choo cha kwanza kilichimbwa wapi. Shimo lililofunikwa kwa magogo na udongo halionekani, lakini magogo huoza. Mvua kubwa zikinyesha ardhi hutitia, na mtoto anaweza kutumbukia.

Tuwaulize wazee na majirani, si muuzaji peke yake. Tutazame palipobonyea. Tukisimama pembeni, tuchome ardhi kwa nondo; ikizama kwa urahisi, tufukue, tujaze na kushindilia upya. Kisima kisichimbwe chini ya mita 30 kutoka hapo. Yote yaandikwe katika mkataba mbele ya serikali ya kijiji.

Sadaka ya washarika isiishie shimoni.