Kabla Hatujatoa Avansi ya RAV4

Maongezi kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Komite iliniomba niseme dakika kumi juu ya gari. Mimi si mekanisie. Kazi yangu ni ya shirika, nilisoma maendeleo ya vijijini, sikusoma injini. Lakini miaka minane sasa nimekaa ndani ya magari ya kila namna kwenye barabara hii ya kwenda Uvira na ile ya kupanda Fizi, na nimezoea kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Leo njo karatasi nataka tuisome pamoja.

Feza hizi tunajua zimetoka wapi. Ziko za mihogo, ziko za ndagala, ziko za wale walioshuka kwenye meli ya Kigoma na mabati matano na sufuria, na bado wakatoa kotizasio kila mwezi. Ni miaka mitatu. Tulisema zitanunua gari ya kubeba mgonjwa usiku, mama wa kuzaa, na maiti pia tukifikiwa na msiba mbali. Hakuna anayepinga gari. Mimi mwenyewe nilikuwepo siku ile tulipombeba mama wa uchungu kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akizaa kabla hatujafika lopitali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba nimekuja kuchelewesha kazi.

Gari iliyopatikana ni RAV4 ya mwaka 2004, iko Uvira. Muuzaji anataka avansi kabla ya Ijumaa. Ametuma picha nane kwa simu. Rangi ni nzuri, viti ni vizuri, kilometa ni chache mno kwa gari ya miaka ishirini, lakini hilo niliache. Picha moja tu haikufika, ile ya namba ya shasi. Tuliiomba mara mbili. Jibu lake: namba mutaiona mukishalipa. Hapo njo nilipoomba nafasi ya kusema.

Kiwanda kikishauza magari, kisha kikigundua kosa, kinatangaza: wenye gari za namba fulani mpaka namba fulani wazirudishe, tutatengeneza bure. Kwa Kifaransa wanasema rappel. Mimi nitasema wito wa kiwanda. Wito si aibu ya gari. Toyota ni gari ngumu, sote tunajua, na kiwanda kinachoita ni afazali kuliko kinachonyamaza. Shida ni kwamba barua ya wito inakwenda kwa mwenye gari wa kule Japani. Gari ikishapanda meli, ikapita Dar es Salaam, ikafika kwetu huku, barua haiifuati. Kosa linasafiri lenyewe, bila barua.

Sasa niseme lile kubwa. Ndani ya usukani, na mbele ya abiria, kuna mfuko wa hewa, ule unaofunguka gari ikigonga. Unajazwa na kichupa cha chuma chenye baruti ndani. Kampuni moja ya Japani, Takata, iliuzia viwanda vingi vichupa hivyo, na baruti yake ilikuwa ya ammonium nitrate. Baruti hiyo inaharibika polepole ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, joto la mchana na baridi la usiku vikipokezana. Ikishaharibika, siku ya kugonga inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kichupa kinapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kwenye shingo na uso wa mtu. Vichupa vilivyoitwa duniani kote vinapita milioni 100. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Na sehemu zilizopewa haraka ya kwanza ni zile za joto na unyevu. Jaribuni kufikiri ziwa letu hili, mwezi wa nne.

Januari 2024 Toyota iliwaambia watu wa Marekani wenye Corolla za 2003 na 2004, na RAV4 za 2004 na 2005 ambazo hazijabadilishwa kichupa, wasiziendeshe kabisa. Haikusema wapunguze mwendo, ilisema waziache zilipo mpaka zitengenezwe. Nawakumbusha, gari yetu ni ya 2004. Sisemi kwamba ni mgonjwa. RAV4 nyingi zilishabadilishwa kichupa na ziko salama. Nasema tu kwamba hatujui, na namba ya shasi njo inayojua.

Mzee mmoja alinijibu kwenye komite, na jibu lake lina akili: "Mwanangu, umesikia nani hapa Fizi aliyeuawa na mfuko wa hewa?" Papa, sijasikia. Lakini hapa kwetu nani anaangalia? Gari ikigonga, mtu akikutwa amekatwa shingo, tunasema ni kioo, tunazika. Huko Orlando, Marekani, mwaka 2014, mwanamke alikutwa ndani ya gari yake baada ya ajali akiwa na majeraha ya shingo, na polisi wakafikiri kwanza kwamba amechomwa kisu. Polisi wenye maabara walifikiri ni kisu. Sisi tungefikiri nini?

Kuna neno lingine, hili ni mawazo yangu. Tangu Mei 2018 serikali ya Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye vichupa vya hatari zaidi ambavyo havijabadilishwa. Mwenye gari kule akinyimwa cheti ana njia mbili, kwenda kutengeneza bure, au kuuza. Wengi walitengeneza. Walioamua kuuza, gari zao ziko wapi leo? Mimi kila siku naona usukani wa kuume ukipita hapa barabarani.

Sasa vijana watasema, mbona kuna taa? Ndiyo, kuna taa kwenye tablo, ina picha ya mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua. Ukifungua ufunguo lazima iwake, ikae sekunde kama sita, izime. Isipowaka kabisa, mtu ameiziba au ametoa balbu. Hii niliijua kwa uchungu. Mwaka fulani mradi wetu ulikodi gari moja, aina yake sitaitaja, ya mtu ambaye pia sitamtaja. Tulikuwa tunateremka kutoka Fizi, lori limesimama kwenye kona bila jani wala jiwe la kuonya, tukaingia nyuma yake. Haikuwa mbio. Shofere wetu alipoteza meno manne kwenye usukani. Fundi alipofungua usukani alikuta matambara yamekunjwa vizuri, na kifuniko kimebandikwa kwa gundi. Mfuko ulishafunguka katika ajali ya zamani na hakuna aliyeweka mwingine. Taa nayo ilikuwa imefunikwa kwa utepe mweusi kwa nyuma. Sekunde sita za kuangalia tablo zingetuambia. Hakuna aliyeangalia, nami nikiwemo. Nilikuwa mbele, nasoma ujumbe kwenye simu.

Lakini musichanganye mambo. Taa inajua kama waya umekatika au mfuko haupo. Haijui kama baruti imeoza. Gari yenye kichupa kibovu cha Takata inawasha taa vizuri na kuizima vizuri. Kwa hiyo angalieni taa, kisha muombe namba. Na tafazali, pasiwe fundi wa kufungua usukani na kupima waya kwa mashini yake ya umeme ili ajue. Anaweza kuufungua mfuko usoni mwake.

Namba iko wapi? Kwa gari iliyouzwa Japani, inua boneti, angalia ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na tablo. Utaona herufi na namba, kwa RAV4 ya miaka ile inaanza mara nyingi na ACA20 au ACA21, kisha kistari, kisha namba saba. Gari iliyotengenezewa nchi zingine ina herufi na namba 17 bila kistari. Musishangae ile ya Japani ikikataliwa na ukurasa wa Wamarekani, ule unasoma za 17 peke yake. Ukurasa wa Toyota ya Japani unaisoma ile fupi. Umeandikwa Kijapani, lakini simu inatafsiri. Unaandika namba, unaona wito upi ulitolewa na kama kazi ilifanyika. Haulipishwi kitu. Inakula megabaiti kidogo, hizo nitatoa mimi.

Niongeze juu ya injini, kwa kifupi, juu naona Mama Kesie anaangalia saa. RAV4 nyingi za Japani za umri huu zina injini imeandikwa D-4 juu ya kifuniko. Ni injini ya kunyunyiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pompi ya nguvu nyingi. Inataka esansi safi. Sisi tunanunua kwa Kadhafi, kwenye chupa, na mchanga kidogo kama zawadi. Kwa gari ya kubeba wagonjwa usiku mimi singechagua D-4. Mwenye akili zaidi yangu anaweza kunipinga.

Injini hizi za lita mbili, na ile ya lita 2.4 iliyofuata, zina ugonjwa mwingine unaojulikana. Boliti za kichwa cha injini, zile za upande wa nyuma, zinapoteza meno ndani ya chuma, na maji ya rejeta yanavuja pole pole. Fundi aangalie kwa tochi kule nyuma ya injini kama kuna alama ya maji yaliyokauka, nyeupe au ya rangi. Muuzaji akiwa ameosha injini ikang'aa kuliko sahani, muongeze mashaka, musipunguze.

Kuna aliyependekeza tuongeze feza tupate RAV4 mpya kidogo, ya 2006 kwenda juu. Sawa, lakini hata hizo zina wito wao. Ya 2006 mpaka 2011 iliitwa mwaka 2012 juu ya mkono wa chuma wa gurudumu la nyuma. Nati yake isipokazwa sawasawa baada ya kupima magurudumu, kutu inaingia, mkono unaweza kukatika, na gari inakosa kushikika. Kwa mashimo yetu haya? Na Februari 2016 wakaita zile za 2005 mpaka 2014, kwa mikanda ya nyuma: katika ajali ya nguvu, chuma cha kiti kinaweza kukata mkanda. Dawa ilikuwa kifuniko cha plastiki juu ya chuma, kazi ndogo kabisa. Kiti cha nyuma njo atakapolala au kukaa mgonjwa wetu. Pia 2.4 za miaka ya kwanza zinakula oili. Shofere asiyepima oili kila wiki ataua injini bila taa kuwaka.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni: tukingoja hivi, na mtu akazidiwa wiki hii? Sina jibu zuri, mama. Nimesema na kiongozi wangu wa kazi, gari ya mradi inaweza kuitwa usiku kwa mgonjwa mahututi mpaka mwisho wa mwezi, shofere akiwepo na mafuta yakiwa ya chama. Si kila usiku, na ikiwa imepanda milimani haitakuwepo. Ni hicho tu nilichopata.

Ninachoomba ni siku nne. Alhamisi asubui, saa kumi na mbili, mimi na yule shofere wetu aliyepoteza meno tutaenda Uvira kwa feza zetu. Tutaomba kuinua boneti. Muuzaji akikubali, nitasoma namba kwa simu, herufi moja moja, Papa Sekretere aiandike hapa na anirudilie, juu namba moja ikikosewa tutakuwa tunachunguza gari ya mtu mwingine. Ikionekana wito haukufanyiwa kazi, hatununui, hata akipunguza bei. Akisema ulifanyika, atuonyeshe kwenye ukurasa wa kiwanda au karatasi ya wakala wa Toyota, si ya fundi wa jirani. Akikataa kuinua boneti, tutarudi na basi la saa nane.

Mama Kesie, sanduku libaki na kufuli zake zote tatu mpaka simu ile ipigwe.