Hotuba ya Karani juu ya Kilimo cha Uyoga



Mliniruhusu kupanda uyoga katika ghala la Chama. Mifuko ya kwanza yote iliharibiwa na ukungu wa kijani. Kosa ni langu: kwa haraka, niliyaloweka mabua ya ngano katika maji baridi tu. Yapasa yakae katika maji ya moto, nyuzi 70 hivi, kwa saa 1 au zaidi, yachujwe, yapoe, ndipo mbegu itiwe kwa mikono safi. Mifuko hukaa gizani majuma 3 hivi hata iwe myeupe ndani. Kisha hupewa mwanga kidogo, hewa na unyevu.

Ghala letu la udongo lina ubaridi wa kutosha, wala halihitaji mtambo. Hasara nitailipa mwenyewe. Nawaomba ghala tena, si fedha.