Mzazi si mtani

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Leo nakiri kosa langu mwenyewe, maana si haki kila juma niwaseme wengine tu.

Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka sita Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Njiani nilimsimulia habari za misafara: jinsi watumwa walivyoswagwa kwa miguu pamoja na pembe za ndovu, kutoka Ujiji kupitia hapa kwetu hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Akaniuliza, "Baba, na watoto waliuzwa?" Nikamjibu, ndiyo.

Wakati wa kurudi tulipumzika chini ya mwembe. Alikuwapo mzee mmoja muuza asali. Nikapandwa na shetani wa utani. "Mzee, nipe madebe mawili, umchukue huyu." Mzee akacheka, akamshika mtoto mkono. Mimi nikajificha nyuma ya mwembe.

Hakulia. Nilimsikia akisema polepole, "Baba, nimekosa nini?" Nilipojitokeza nikicheka, kaptura yake ilikuwa imelowa.

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini hadi leo mtoto yule hali asali.

Ndugu wasikilizaji, sisi wa Unyamwezi utani tunaujua. Wapagazi wetu walikwenda nao hadi pwani pamoja na mizigo, na mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Lakini utani una sheria zake. Mtani hujua kwamba anataniwa, na ana haki ya kurudisha. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu", na mjukuu humjibu kuwa hataki mume asiye na meno. Wote wawili hucheka.

Mwanangu angenirudishia nini mimi? Ninayemlisha ni mimi, ninayemlinda ni mimi. Asubuhi nilimwambia kwamba katika njia ile watoto waliuzwa kweli, naye akaniamini. Jioni angejuaje kwamba sasa nasema uongo?

Wazazi wenzangu, tucheze na watoto wetu. Lakini kabla ya kumtania mtoto, tujiulize: je, tutacheka naye, au tutamcheka? Kama tutamcheka, huo si utani.

Kwaherini hadi juma lijalo.