Ua la Kustahimili Likizo



Bustani za shule hufa wakati wa likizo, mwagiliaji anapokosekana. Maua ya jamii ya vitunguu yanayopendwa Ulaya hayatatufaa, kwani mengi huhitaji baridi kali ndipo yachanue, nayo Himo ni ya joto. Bali iko saumu ya maua itokayo Afrika Kusini. Maua yake ni ya zambarau, majani hunuka kitunguu saumu, nayo huvumilia ukame. Ipandeni juani, mahali pasipotuama maji, kwa maana maji mengi huiozesha. Kichaka kikisongamana, kigawanyeni, mpande penginepo. Hivyo kila darasa linaloondoka litawaachia wadogo zao bustani hai.