Kompyuta Bila Kompyuta

Juma hili nilikwenda kwenye chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, siku waliyowaalika wanafunzi wa kidato cha tano kuonja somo la sayansi ya kompyuta. Nilidhani nitawakuta wakikodolea vioo macho. Wapi! Walisimama watano mstarini, kila mmoja na kadi yenye nukta: 16, 8, 4, 2, 1. Kadi ikifunikwa, ni sifuri. Kwa kadi hizo tano tu wakahesabu toka 0 hadi 31, na binti mmoja akang'amua, mhadhiri hajasema, kwamba kadi ya sita itakuwa na nukta 32. Ndivyo mashine inavyohesabu: ipo au haipo, basi.

Mchezo huo umo katika kitabu cha Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows cha mwaka 1998, cha kufundisha somo hili bila mashine yoyote. Nchi iliyopata kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, mwaka 1974, ingekifaidi sana kitabu hicho!

Sasa nina neno na wakuu wa shule. Binti yule aliniambia kwao kompyuta zipo, nane, zimefunikwa vitambaa, na ufunguo anao mkuu mwenyewe. Kisa? Zisiharibike. Ameziona zikiwashwa mara moja, alipokuja mgeni rasmi. Saa nane mchana basi likawarudisha huko huko. Kadi za manila hazidai umeme wala ufunguo. Mwalimu wa hesabu anaweza kuzikata Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza.